Tope la Bandari Lipimwe Kabla ya Kutupwa Baharini

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, watumishi wa umma mliotoka Mtumba kuja kutusikiliza, wanafunzi, wazee wetu na wageni waalikwa: mbukwenyi. Itifaki imezingatiwa.

Najua swali lililomo vichwani mwenu, maana nimeulizwa hata pale mlangoni. Sisi ni watu wa zabibu, alizeti na mtama, na bahari iko mbali. Tope la bandarini linatuhusu nini? Nalijibu mapema ili tuendelee. Meli haimwagi tope baharini kwa sababu nahodha ameamka siku hiyo akaamua. Inamwaga kwa kibali. Kibali kina masharti, masharti yanatokana na kanuni, na kanuni zinatokana na sheria. Sheria inapitishwa hapa Dodoma, na wizara zinazoandaa kanuni ziko hapa Dodoma. Kama kuna mahali pa kuzungumzia tope la Kurasini, kule bandarini Dar es Salaam, zaidi ya Kurasini kwenyewe, basi ni humu ndani.

Niseme jambo jingine wazi, nisije nikaeleweka vibaya. Siko hapa kupinga bandari. Mafuta yanayowekwa kwenye pikipiki za hapa mjini, mbolea ya wakulima wa Kongwa, ngano ya mkate tuliokula asubuhi, vyote vimepita bandarini. Tanga, meli zilikuwa zinatia nanga mbali na mizigo inahamishwa kwa matishari, mpaka kina cha lango kilipoongezwa kutoka mita 3 hadi 13 ndipo zikaanza kufika gatini. Dar es Salaam nako gati namba 1 hadi 7 zimeongezewa kina. Ni kazi nzuri, na itabidi irudiwe tena na tena, kwa sababu mito na mawimbi havichoki kuleta mchanga na matope. Ninachokidai ni kwamba tope lile lijulikane lina nini kabla halijatupwa, na likiwa na sumu lisitupwe baharini.

Lina nini, basi?

Kuna familia ya kemikali ambazo wataalamu huziita kwa kifupi PAH. Ni haidrokaboni, maana yake zimejengwa kwa kaboni na haidrojeni tu, na kaboni zake zimejipanga katika pete zilizoshikana. Ndogo kuliko zote ina pete mbili, nanyi mnaifahamu: ni naftalini, vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vinavyowekwa kabatini ili nguo zisiliwe na wadudu. Ukiongeza pete, tatu, nne, tano, harufu inapotea na ubaya unaongezeka. Yenye pete tano iitwayo benzo-a-pairini imewekwa kundi la 1 na wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani. Kundi la 1 maana yake imethibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Zinatoka wapi? Geuza sufuria iliyopikiwa kuni, uangalie kitako chake. Yale masizi yanayobaki kidoleni yamebeba familia hiyo. Chochote kinachoungua bila hewa ya kutosha kinazitengeneza: kuni, mkaa, taka za plastiki zinazochomwa nyuma ya nyumba, dizeli ya lori linalopanda mlima. Zimo pia ndani ya mafuta ghafi yenyewe, kwenye lami ya makaa ya mawe, kwenye oili iliyokwisha kutumika. Na ubaya wake haukugunduliwa jana. Mwaka 1775 daktari wa London, Percivall Pott, aliandika kwamba watu waliofanya kazi ya kusafisha mabomba ya moshi tangu utotoni walikuwa wanapata saratani ya ngozi ya sehemu za siri kwa sababu ya masizi. Mwaka 1915 watafiti wawili wa Japani, Yamagiwa na Ichikawa, walionyesha kuwa ukimpaka sungura lami ya makaa ya mawe sikioni mfululizo kwa miezi mingi, saratani inatokea. Mwaka 1933 benzo-a-pairini ikatenganishwa kutoka kwenye lami hiyo, mshukiwa akapatikana kwa jina.

Sasa kwa nini zijikusanye bandarini? Kwa sababu haziyapendi maji. Zikifika majini, kutoka hewani, kutoka kwenye mifereji ya mji, kutoka kwenye injini za meli, hutafuta kitu cha kushikamana nacho, zikang'ang'ania chembe laini za udongo na mabaki ya majani jinsi mafuta ya mchuzi yanavyong'ang'ania sahani ya plastiki hata ukiimwagia maji ndoo nzima. Chembe hizo laini hutulia mahali ambapo maji yametulia. Na bandari imejengwa mahali hapo makusudi: meli inataka maji yaliyotulia. Basi tope linajipanga tabaka juu ya tabaka. Chini kidogo tu ya uso wake hakuna oksijeni, na bila oksijeni vijidudu vinavyoweza kuzila kemikali hizi hufanya kazi polepole mno. Kilichozama miaka ya 1960 kinaweza kuwa bado kipo, kimefunikwa na cha miaka ya 1970, nacho kimefunikwa na cha jana.

Hapo ndipo meli ya kuchimba inapokuja. Zipo za aina kadhaa, lakini ile inayofaa kuielewa kwa mada yetu ni meli inayoburuta bomba sakafuni mwa bahari na kunyonya tope pamoja na maji, tope likatulia tumboni mwake na maji ya ziada yakamwagika kando. Likijaa, meli inaelekea mahali ilipopangiwa, inafungua milango ya chini, na maelfu ya mita za ujazo yanashuka kwa dakika chache. Chembe kubwa zinaenda moja kwa moja chini. Laini, zile zile zilizobeba sumu, zinabaki zikielea na kusafiri na mkondo. Wanaotetea utupaji husema bahari ni kubwa, itapunguza makali. Kwa chumvi, sawa. Kwa kitu kinachokataa kuyeyuka majini hoja hiyo haina nguvu, kwa sababu chembe ikisafiri kilomita tano inafika na mzigo wake.

Inafika kwa nani? Kwanza kwa mayai ya samaki na samaki wachanga. Baada ya ajali ya meli ya mafuta Exxon Valdez kule Alaska mwaka 1989, na baada ya mlipuko wa Deepwater Horizon katika Ghuba ya Meksiko mwaka 2010, wanasayansi waliona jambo lile lile: viinitete vya samaki vilivyokutana na PAH hukua na moyo wenye kasoro. Samaki huyo anaanguliwa, anaogelea, hutamjua kwa macho, ila hana nguvu ya kukimbia adui wala kutafuta chakula. Pili, jua. Baadhi ya kemikali hizi zikiwa ndani ya kiumbe mchanga ambaye mwili wake unapitisha mwanga, mionzi ya jua inazifanya ziwe kali mara nyingi zaidi. Fikirini maji yetu ya pwani, mafupi, meupe, na jua la saa sita mchana. Tatu, samaki wanaolala juu ya tope. Katika ghuba ya Puget Sound, jimbo la Washington nchini Marekani, samaki bapa wa sehemu zilizochafuliwa wamekutwa na uvimbe wa ini, na uhusiano wake na PAH za kwenye tope umechunguzwa kwa miaka mingi mpaka umekubalika.

Kwa mlaji kuna tofauti ambayo ni vizuri mkaijua. Samaki ana ini linaloweza kuzivunja kemikali hizi, kwa hiyo mnofu wake mara nyingi haubebi nyingi. Chaza na kome hawana uwezo huo kwa kiwango hicho. Wao huchuja maji kutwa kucha na kuweka akiba. Na anayewaokota chaza pwani maji yakitoka ni nani? Ni mama mwenye ndoo na kisu, anayetafuta kitoweo na hela ya shule. Hana meli ya kwenda kuvua mbali ambako tope halikufika.

Tunavyo vipimo vya kwetu. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliopima PAH kwenye tope la juu na kwenye chaza wa maeneo ya pwani ya Dar es Salaam yanayofunikwa na kufunuliwa na maji. Tope lilikuwa na kuanzia nanogramu 78 hadi 25,000 kwa kila gramu ya tope kavu. Chaza walikuwa na 170 hadi 650. Kati ya maeneo manane, sita yalionekana kuwa na uwezekano wa kuwadhuru viumbe wa sakafuni. Watafiti walisema pia kwamba hatari ya saratani kwa mtu anayekula chaza hao ilionekana kuwa ndogo, nami nalisema hapa bila kulificha, maana sikuja kumtisha mtu aache kununua kitoweo. Ila itazameni ile 25,000. Wanasayansi wa Marekani wana mizani wanayoitumia sana: chini ya takriban 4,000 madhara kwa viumbe wa tope ni nadra, juu ya takriban 45,000 ni ya mara kwa mara. Namba yetu ya juu imeipita ya kwanza mara sita. Na hilo ni tope la juu, la ufukweni, lililochotwa bila kuchimba.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo la kuchota, kwa sababu hapa ndipo ukweli unapopotea bila mtu yeyote kusema uongo.

Kuna namna mbili za kuchukua sampuli. Ya kwanza unashusha kifaa chenye taya, kinabana sentimita kumi za juu, unapandisha. Ni rahisi na haraka. Ya pili unashindilia bomba refu chini, mita mbili, tatu, unalitoa na tope likiwa ndani kwa mpangilio wake, unalilaza mezani na kulikata kipande kipande. Kazi hii ya pili ina gharama na inataka watu wenye mafunzo. Lakini mtambo wa kuchimba hauchimbi sentimita kumi. Ukipima juu ukachimba mita tatu, umetoa kibali cha kutupa kitu ambacho hukukipima. Na mara nyingi tabaka chafu kuliko yote si la juu. Ni la miaka ile ambayo viwanda, gereji na meli vilimwaga bila kuulizwa.

Halafu kuna kuchanganya. Tuseme umechukua sampuli tano. Nne zina nanogramu 500 kila moja, ya tano, iliyochotwa karibu na gati la mafuta, ina 17,000. Ukizimimina kwenye ndoo moja, ukakoroga na kupima mara moja ili kuokoa fedha, utapata 3,800. Ripoti itaandika kwamba tope liko chini ya 4,000, na mtu aliyeiandika atalala usingizi mzuri, maana hesabu ni sahihi. Wakati huo lile doa la 17,000 limepata ruhusa ya kwenda baharini. Ninawaomba wote mtakaowahi kusoma ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ya bandari yoyote, kabla ya kwenda kwenye hitimisho, nendeni kwenye kiambatisho cha sampuli. Angalieni zilichukuliwa ngapi, kina gani, wapi, na kama zilichanganywa.

Wenzetu waliochelewa kufanya hivyo yaliwakuta. Kaskazini mashariki mwa Uingereza, kwenye mdomo wa mto Tees ambako kwa vizazi kulikuwa na viwanda vya chuma na kemikali, Oktoba 2021 kaa na kamba kochi walianza kusukumwa ufukweni kwa wingi, wamekufa au wanatetemeka. Serikali ikasema huenda ni mwani wenye sumu. Wavuvi wakasema ni tope lililochimbwa. Januari 2023 jopo la wataalamu huru likasema haielekei kuwa ni uchimbaji, wala sumu ya viwandani, wala mwani. Huenda ni ugonjwa mpya, ingawa ushahidi wa moja kwa moja wa ugonjwa huo haukupatikana. Mimi sina sababu ya kuwabishia wataalamu wale. Ninachokiona ni kwamba wavuvi wengi hawakuridhika, na sioni namna ambavyo wangeridhika. Uingereza kwa miaka mingi ilikuwa na kiwango cha chini cha PAH, kile cha kusema tope hili litazamwe zaidi, bila kuwa na kiwango cha juu cha kusema hili halitupwi. Pasipo na mstari wa juu, kila mzigo unaamuliwa kwa mazungumzo, na mvuvi hayumo kwenye chumba cha mazungumzo.

Rotterdam walienda njia nyingine, na ndiyo ninayoipenda. Bandari ile iko mwishoni mwa mto Rhine, mto uliopita Uswisi, Ujerumani na Ufaransa ukizoa uchafu wa viwanda vya nchi hizo. Tope lao lilifika mahali ambapo sehemu yake kubwa haikuweza tena kurudishwa baharini. Mwaka 1987 wakafungua shimo kubwa lililozungushiwa ukuta wa mchanga kwenye ukingo wa bandari, linaitwa Slufter, lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 150, la kuhifadhi tope chafu peke yake. Safi linaendelea kwenda baharini. Lakini hawakuishia kwenye shimo. Walipanda mto, wakaenda kwa wenye viwanda kule juu na vipimo mkononi, wakawaambia: uchafu huu ni wenu, sisi ndio tunalipia kuuzika, tukubaliane mpunguze. Na maji ya Rhine yakazidi kuwa safi, na tope linalohitaji kuzikwa likapungua mwaka hadi mwaka.

Ufaransa nayo imeweka kwenye sheria kwamba kuanzia Januari 2025 tope la bandari lililochafuliwa halitupwi baharini. Australia mwaka 2015 ilikataza tope la uchimbaji mpya wa bandari kutupwa ndani ya hifadhi ya bahari ya Great Barrier Reef. Kwa hiyo mtu asituambie kuwa hili haliwezekani.

Kwetu msingi upo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inadai tathmini kabla ya mradi mkubwa. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985 wa kulinda bahari ya ukanda wetu, unaozitaka nchi kuzuia uchafuzi unaotokana na utupaji baharini. Itifaki ya London ya mwaka 1996, iliyoanza kutumika 2006, imeuelekeza ulimwengu kwamba kutupa kitu baharini ni marufuku isipokuwa vichache vilivyotajwa. Tope la bandari ni kimojawapo cha vile vichache, lakini kwa masharti: lipimwe, njia nyingine zitafutwe kwanza, na pawe na viwango vya kuamulia.

Waheshimiwa, maombi yangu ni haya. Kanuni zetu ziweke namba ya juu ya PAH kwenye tope, namba ambayo ikipitwa tope haliendi baharini, na isiwe ya kujadiliana. Sampuli zichukuliwe kwa bomba mpaka kina kile kile kitakachochimbwa, na sampuli za karibu na gati za mafuta na midomo ya mito kama Msimbazi zisichanganywe na nyingine. Matokeo yawekwe hadharani kwa Kiswahili kabla kibali hakijatolewa, yabandikwe soko la samaki la Feri na kwenye ofisi za vikundi vya wavuvi, siyo kuhifadhiwa kwenye faili. Mchanga safi utumike kujazia maeneo ya ujenzi, tope chafu lizungushiwe ukuta nchi kavu. Itakuwa ghali. Gharama hiyo iingizwe kwenye bajeti ya mradi tangu siku ya kwanza, kwa sababu tusipoilipa sisi kwa fedha, italipwa na yule mama wa chaza.

Kabla sijashuka nigeukie nyumbani, maana mfano wa Rotterdam una upande wetu pia. Mto Kinyasungwe unaanzia huku kwetu. Unakauka, unafurika, unapita Mpwapwa, unaungana na Mkondoa kisha unaingia Wami, na Wami inamwaga baharini karibu na Saadani. Upande wa kusini maji yetu yanakusanyika Mtera, yanaingia Rufiji, yanatokea mbele ya kisiwa cha Mafia penye mikoko na kamba. Sisemi kuwa tope la bandari ya Dar es Salaam limetoka Dodoma. Uchafu wake mwingi ni wa Dar es Salaam yenyewe. Nasema sisi ni watu wa juu ya mto, na wa juu ya mto huwa hawaoni mwisho wa walichomwaga.

Ingieni gereji yoyote ya mjini hapa siku fundi anapobadilisha oili. Inaanguka nyeusi kwenye beseni lililokatwa kutoka kwenye galoni. Sehemu inauzwa kwa wanaopaka mbao ili mchwa wasile, sehemu inamwagwa chini barabarani kuzuia vumbi, iliyobaki inakwenda korongoni. Oili hiyo ilipoingia kwenye injini ilikuwa na PAH kidogo. Imetoka imezikusanya zote zilizotengenezwa na mwako kwa maelfu ya kilomita. Mvua ya Desemba ikinyesha, korongo halibaki na kitu. Na kwa mji huu, ambao maji yake ya kunywa kwa sehemu kubwa yanatoka visima vya Makutupora, hilo tungepaswa kulishughulikia hata kama bahari isingekuwepo. Jiji lingeweza kuanza na kitu kidogo: mapipa ya kukusanyia oili chafu kwa kila mtaa wa gereji na mnunuzi mmoja mwenye leseni wa kuichukua.

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima limepita mkoani kwetu likielekea Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443 kwa jumla. Tanga ndiko kwenye Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa mwaka 2009, kwa ajili ya samaki ambaye dunia nzima iliamini ametoweka zamani za kale. Meli kubwa za mafuta zinapokuja, kina kitahitaji kutunzwa. Namba za tope la Tanga za leo, kabla tone la kwanza halijapakiwa melini, zichukuliwe sasa na zihifadhiwe vizuri. Ndizo zitakazotuambia miaka ishirini ijayo nini kilikuwepo na nini kimeongezeka.

Vijana wa kemia na jiolojia mlioko humu, kazi hii itawahitaji. Tunahitaji watu wanaojua kulikata tope tabaka kwa tabaka, kuendesha mtambo wa kupima, na kusimama mbele ya mkurugenzi wakasema hapana, hili halitupwi, wakiwa na karatasi ya vipimo mkononi. Anayetaka kuanza aje tuzungumze hapa nje tukimaliza. Ahsanteni sana.